Namna ya Kumsoma Elizabeth Gaskell: Ingia kwa Mlango wa Mizuka

Wengi wanaomjaribu Elizabeth Gaskell, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, huanza na Cranford, kwa kuwa ndicho kitabu chake kinachotajwa sana. Wakifika kama ukurasa wa thelathini huanza kujiuliza: hivi humu kuna kitu kitatokea? Akina mama watu wazima wanakunywa chai. Wanachambua kofia ya mgeni. Wanawasha mshumaa mmoja mahali pa miwili. Kitabu kinawekwa kando, na mwandishi anabaki na sifa ya kuandika mambo ya vibibi.

Nashauri uende kinyume. Anza na hadithi zake za mizuka, kisha ndipo uingie kwenye ule mji mdogo wa chai na kofia. Ukifuata mpangilio huo utaona kwamba aliandika jambo moja kwa njia mbili. Watu wa mahali padogo huishi kwa kusitiriana. Huko Cranford sitara ni wema. Kwenye hadithi za mizuka, sitara hiyohiyo imefunika uovu, na kilichofunikwa kinarudi usiku kubisha dirishani.

Hatua ya 1: Pata maandishi yenyewe

Gaskell alifariki mwaka 1865, kwa hiyo haki miliki ya kazi zake imekwisha zamani. Maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg wanazo bure na unaweza kuzipakua kwenye simu. LibriVox wana rekodi za sauti zilizosomwa na watu wa kujitolea. Ubora wake unapanda na kushuka kwa kumtegemea msomaji, basi sikiliza dakika mbili tatu kabla ya kuamua. Ukitaka kitabu cha karatasi, mkusanyo wa Penguin unaoitwa Gothic Tales una karibu kila hadithi nitakayoitaja hapa, isipokuwa Cranford yenyewe, ambayo huuzwa peke yake, na zile mbili nitakazozitaja mwishoni kabisa.

Utasoma Kiingereza cha karne ya 19. Usiogope. Hadithi ya kwanza ninayokupa inasimuliwa na yaya, mwanamke wa kazi, anayezungumza na watoto, kwa hiyo lugha yake ni ya kusemwa. Usisimame kwenye kila neno geni. Likijirudia mara tatu, hapo lifungulie kamusi.

Hatua ya 2: Mjue kidogo tu

Mambo machache yanatosha. Alizaliwa London mwaka 1810. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, akapelekwa kulelewa na mama yake mkubwa huko Knutsford, mji mdogo wa Cheshire. Knutsford ndio uliokuja kuwa Cranford. Alikuwa na kaka mmoja, John, aliyekuwa baharia. Katika miaka ya mwisho ya 1820 John alitoweka, na hakuna aliyepata kujua yaliyomfika. Mwaka 1832 Elizabeth aliolewa na William Gaskell, mchungaji wa Kiunitaria (Wakristo wasioamini Utatu), wakahamia Manchester, jiji la viwanda vya pamba na moshi. Mwaka 1845 walimpoteza mwana wao wa kiume, kitoto kichanga, kwa homa ya vipele.

Liweke akilini hilo la kaka aliyetoweka na la mtoto aliyekufa. Utayakuta tena.

Na alikuwa msimuliaji hodari wa mdomo. Charles Dickens, aliyekuwa mhariri wa jarida la Household Words, alimwandikia barua akimwita Scheherazade wake, yaani yule Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliyeahirisha kifo kwa kusimulia. Charlotte Brontë alipomtembelea Manchester mwaka 1853, Gaskell alitaka kumpa hadithi ya mzuka kabla ya kulala; mgeni akakataa, akasema wazi kwamba mambo hayo yanamtisha. Na huyo aliyekataa ndiye mwandishi wa Jane Eyre, riwaya yenye kicheko cha usiku ndani ya nyumba kubwa!

Hatua ya 3: Soma The Old Nurse's Story usiku mmoja, kwa sauti

Hadithi hii ilitoka katika toleo la Krismasi la Household Words mwaka 1852. Inamalizika kwa kikao kimoja. Isome jioni, watu wakiwapo, na msomaji awe mmoja mpaka mwisho. Imeandikwa isikike: Hester, yaya mzee, anawaketisha watoto na kuwaambia yaliyompata mama yao, Rosamond, alipokuwa mdogo.

Hapo hapo mwanzoni simama uone ujanja wake. Watoto wanaosikiliza ni watoto wa Rosamond. Maana yake Rosamond alipona, akakua, akazaa. Mwandishi ameshakupa jibu la swali ambalo waandishi wengi wangelificha hadi ukurasa wa mwisho, na bado utatetemeka. Kwa nini? Kwa sababu hofu ya hadithi hii haiko kwa mtoto. Iko kwa bibi kizee aliyeketi karibu na moto akidarizi, asiyesikia vizuri, aitwaye Bi Grace Furnivall.

Unaposoma, fuatilia mambo manne. Lipo kasri kubwa huko Northumberland, chini ya milima, lenye upande mmoja uliofungwa kwa kufuli. Kuna kinanda kikubwa ukumbini kinachosikika usiku wa upepo, ilhali Hester alikichungulia mchana akakuta ndani kimevunjikavunjika. Inaanguka theluji, na ndani yake ametokea mtoto wa kike anayemwita Rosamond kwa mkono kupitia dirishani. Na wapo watumishi, ambao kila wakiulizwa hubadilisha mazungumzo. Hao watumishi waangalie kuliko kinanda.

Kama hujaisoma, iache hatua inayofuata kwa sasa, nenda kaisome, halafu urudi. Nitaifichua yote.

Hatua ya 4: Rudi uulize nani alijua, na nani alinyamaza

Umeshamaliza. Sasa panga ukoo kwenye karatasi: baba mmoja mwenye kiburi, mabinti wawili, Maude na Grace, na mwanamuziki wa kigeni aliyependwa na wote wawili. Maude akaolewa naye kwa siri, akazaa mtoto wa kike, akamficha kwenye nyumba ya wakulima. Grace, kwa wivu, akamfichulia baba. Mzee akampiga mtoto kwa mkongojo wake na kumfukuza Maude nje usiku wa theluji. Kesho yake wachungaji wa kondoo walimkuta Maude chini ya miti ya holly, akili zimemruka, amempakata mtoto aliyekwisha kufa.

Rudi kwenye ukurasa ambapo Hester anaeleza jinsi Rosamond alivyoitwa na mtoto wa kwenye theluji. Bi Grace, kiziwi, ambaye kwa kawaida hulazimika kupigiwa kelele ndipo asikie, anasikia habari hiyo mara moja na kupiga ukelele. Anaomba rehema kwa Mungu, na papo hapo anaagiza Rosamond alindwe, kwa kuwa yule wa nje ni mtoto mbaya. Miaka mingi imepita na bado anamwita mbaya. Sentensi hiyo inanitisha kuliko mzuka wenyewe.

Kisha soma tena mwisho. Mizuka inatokea mbele ya wote: mzee na mkongojo, Maude, mtoto. Grace mzee anamlilia baba yake amsamehe mtoto. Lakini mzuka wa nne unatokea, nao ni Grace mwenyewe akiwa msichana mzuri, anatazama kipigo kile kwa uso mkavu. Bibi kizee anaanguka, na maneno yake ya mwisho ni kwamba lililotendwa ujanani halitenduki uzeeni.

Dickens hakuupenda mwisho huo. Alimshauri Gaskell, katika barua zaidi ya moja, aandike kwamba watu wazima wasikie kelele tu na mtoto peke yake ndiye aone. Kwa hadithi ya kawaida ya kutisha, ushauri huo ni mzuri; mashaka hukuza hofu. Gaskell alikataa, na hatimaye Dickens akachapisha kama alivyoandikiwa. Naona mwanamke huyu alikuwa sahihi kabisa. Angemwachia mtoto peke yake aone, Bi Grace angekufa bila kujitazama usoni.

Hatua ya 5: Sasa fungua Cranford, sura moja kwa siku

Cranford ina sura 16. Ilitoka vipande vipande katika jarida lilelile kuanzia Desemba 1851 hadi Mei 1853, na kama kitabu mwaka huo wa 1853. Hii ni habari ya matumizi, si ya maktaba tu: wasomaji wa kwanza hawakukimeza kwa mkupuo, nawe usikimeze hivyo. Sura moja, chai, basi.

Pia itakusaidia kujua kwamba Gaskell hakukusudia kitabu. Alidhani anaandika kipande kimoja, ndiyo maana akamuua Kapteni Brown mapema sana. Baadaye alikiri katika barua kuwa alimuua bila kupenda. Ukifika hapo ukakasirika kwamba mhusika anayevutia kuliko wote amegongwa na treni, sasa unajua wa kumlaumu. Kapteni alikuwa akisoma toleo jipya la The Pickwick Papers la Dickens dakika chache kabla, akanyanyua macho akaona mtoto yumo relini, akamrukia kumwokoa. Dickens mhariri aliona haya jina lake kutajwa hivyo, akabadilisha kitabu alichoshika marehemu. Gaskell akakirudisha kitabu kilipochapwa.

Kazi yako katika sura za mwanzo ni kuokota mifano ya sitara. Cranford ni mji ambao karibu wenye nyumba wote wa tabaka la kuheshimika ni wanawake, wengi wao wajane na wasioolewa, na karibu wote hawana pesa. Hakuna anayelisema. Bi Forrester anawaalika wenzake chai, binti wa kazi anawaomba waliokaa kwenye kochi wasogee kidogo ili atoe sinia la chai lililofichwa uvunguni, na wageni wanaendelea kuzungumza kana kwamba ni jambo la kila siku. Keki zinaletwa, mwenye nyumba anajifanya hajui ni keki gani, ingawa alishinda asubuhi nzima akizipika, na wao wanajua, naye anajua kwamba wanajua. Bi Matty ana mishumaa miwili lakini huwasha mmoja, akibadilishana ili yote ibaki na urefu sawa, mgeni akija ghafla aone kama kwamba miwili ndiyo kawaida ya nyumba hii.

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Anayemjua mtu anayechemsha maji jikoni ili majirani wasikie sufuria ameshaelewa.

Hatua ya 6: Simama kwenye sura ya Peter

Sura hii ndiyo kiungo, nami sijui kwa nini wachambuzi wengi huiacha ipite kama kichekesho cha huzuni. Peter ni kaka wa Deborah na Bi Matty. Siku moja, kwa utani tu, alivaa nguo za dada yake Deborah, akafunga mto kama mtoto mchanga, akatembea bustanini akiubembeleza, watu wakichungulia kwenye uzio. Baba yao, kasisi, akafika. Akainua fimbo yake, akamcharaza mbele ya wote. Peter akamuaga mama yake na kuondoka; akaenda baharini, kisha India. Mama akafa kwa majonzi. Shali nyeupe ya Kihindi aliyotumiwa na mwanawe ilifika akiwa ameshafumba macho, akazikwa nayo.

Weka hiyo kando ya The Old Nurse's Story. Baba mwenye hasira. Fimbo. Mtoto mchanga mikononi, mmoja wa mto, mwingine wa damu. Mwana anaondoka nyumbani, na dada anabaki kuzeeka ndani ya nyumba ileile. Vyote viwili vilichapishwa mwaka 1852. Gaskell aliyageuza mambo yale yale mara mbili ndani ya miezi michache: mara moja yakawa tanzia ya theluji, mara nyingine yakawa jeraha ambalo mji mzima unaliheshimu kwa kutolitaja. Na katika Cranford, tofauti na maisha ya mwandishi na kaka yake, aliyepotea anarudi.

Hatua ya 7: Soma sura ya hofu kwa kucheka

Sura ya 10 inaitwa The Panic. Umezuka uvumi wa wezi, na kila mdomo unaongeza chake. Jioni moja akina mama wanarudi kutoka kwa Bi Forrester, Bi Matty akiwa ndani ya kiti cha kubebwa na wanaume wawili, na njia fupi inapita kwenye kichochoro cha giza panaposemwa pana mzuka wa mwanamke mwenye nguo nyeupe asiye na kichwa. Bi Pole, aliyetoka kuwacheka wanaoamini mizuka na kuisingizia tumbo lisilosaga chakula vizuri, ndiye anayewaahidi wabebaji pesa zaidi wazunguke njia nyingine.

Hapa cheka, lakini angalia pia kwamba mzuka wa Cranford hauna jina. Hakuna anayejua ni nani aliyekatwa kichwa wala kwa nini. Mzuka usio na kisa nyuma yake ni umbea tu. Wa Furnivall una kisa, ndiyo maana hauchekeshi.

Hatua ya 8: Fuata pesa

Jifunze hesabu moja: pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Benki aliyoweka Bi Matty inapofilisika, kipato chake kinashuka hadi pauni 13 kwa mwaka. Kabla hajajua hasara yake kamili, yuko dukani, mkulima anakataliwa noti yake ya pauni tano kwa kuwa ni ya benki hiyo. Bi Matty anafungua mkoba, anampa mkulima sarafu tano za dhahabu, anachukua noti isiyo na thamani. Aliyewahi kupoteza akiba kwenye chama kilichovunjika asome ukurasa huo polepole. Baadaye rafiki zake wanachanga kwa siri, kila mmoja akiandika kiasi chake kwenye karatasi iliyofungwa, ili asijue nani katoa nini. Hiyo ndiyo sitara kwenye kilele chake.

Hatua ya 9: Maliza na mbili nzito

The Poor Clare ya 1856 ina hila yake. Bridget, mjane wa Kiayalandi anayeogopwa kwa uchawi, anamlaani bwana mmoja aliyempigia risasi mbwa wake, kumbukumbu pekee ya binti yake aliyepotea: akipendacho kuliko vyote na kigeuke kitisho. Laana inamshika mtu asiyemjua, msichana anayeandamwa na pacha wake mwovu, na msichana huyo ni mjukuu wa Bridget mwenyewe. Sehemu ya mwisho, inayohamia Antwerp, inakimbia mno kwa ladha yangu. Sehemu mbili za kwanza ni bora zaidi.

Kisha Lois the Witch ya 1859. Msichana yatima kutoka Uingereza anapelekwa kwa ndugu wa mama yake huko Salem, Marekani, mwaka 1691. Mwaka unaofuata ndio wa zile kesi za uchawi ambazo katika historia halisi zilinyonga watu 19. Humu hamna mzuka hata mmoja. Kuna wivu wa binamu, kijana mwenye maono, mchungaji anayeogopa, na kijiji kinachohitaji mtu wa kubebeshwa. Ni hadithi ndefu na ya mateso, na kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa, aliyesikia vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, haihitaji maelezo. Usiwasomee watoto.

Hatua ya 10: Mkisoma kwa kundi

Msianze na swali la kama mnaamini mizuka. Kikao kitageuka ushuhuda wa kila mtu na hadithi itasahauliwa. Anzeni na watumishi wa kasri: Dorothy, mtumishi wa siku nyingi, alijua kila kitu, mbona alimruhusu yaya mgeni amlaze mtoto kwenye nyumba ile bila kumwonya? Halafu: nani katika Cranford ananyamaza kama Dorothy, na kwa nini huyo tunampenda? Mtu mmoja apewe kazi ya kumtetea Bi Grace. Kazi hiyo ni ngumu, na ndiyo itakayoamsha kikao.

Mkitaka kuendelea, Cousin Phillis ni fupi, ya shambani, na imetulia kuliko zote. Wives and Daughters ni riwaya kubwa ya mji mdogo, nzuri mno, ila mjue mapema kwamba mwandishi alifariki ghafla Novemba 1865 kabla ya kuandika sura ya mwisho. Mhariri wa jarida lililokuwa likiichapisha aliongeza maelezo mafupi ya jinsi ambavyo mambo yangemalizika.